Vifungo vya Bi Edna

Siku mliponikatia keki pale ofisini, mmoja wenu aliniuliza kwa upole ni kitu gani kikubwa nilichojifunza katika miaka yangu yote ya kuhudumia wazee wa London. Nikacheka tu, nikala keki. Ukweli ni kwamba kikubwa nilichojifunza ni kutofanya kazi, na jambo hilo si la kusema mbele ya meneja. Sasa nimestaafu, hanipati tena, nami nina nafasi ya kuwaandikia. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa sikupata hata kimoja. Mshahara nao tuuache upumzike, maskini, haukuwa na nguvu.

Nilianza kazi hii katikati ya miaka ya tisini, mwanamke wa makamo niliyetoka Pemba na sanduku moja na kesi. Kwetu Wete nilikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa nilikuwa muomba hifadhi, na pasipoti yangu ilikuwa imelala Croydon, kwenye jengo lile refu la uhamiaji, mpaka wenyewe waamue kama nibaki au nirudi. Waliniruhusu kufanya kazi wakati wanafikiri, nao walikuwa watu wa kufikiri sana, walichukua miaka. Kwa hiyo nchi ilikuwa haijaamua kama inanitaka, lakini kila siku saa moja asubuhi ilinitaka Walthamstow, mashariki mwa London, nimwoshe mzee wake.

Mafunzo yalikuwa siku mbili. Siku ya kwanza tulimnyanyua mtu wa plastiki ambaye, tofauti na wote niliowanyanyua baadaye, hakunitukana. Siku ya pili tulijaza fomu. Humo ndani mlikuwa na mambo mawili ya maana, nanyi yashikeni. Mkono mgonjwa huingia kwanza kwenye nguo na hutoka mwisho. Na mtu hainuki kitini kwa kuvutwa: husogea mpaka ukingoni, akarudisha miguu nyuma, akainama mbele mpaka pua ikapita vidole vya miguu, ndipo akasukuma. Mengine yote ya siku zile mbili yalikuwa ya kuilinda kampuni.

Baada ya hapo nilikabidhiwa kwa Mama Akinyi. Huyu alikuwa Mkenya wa Kisumu, mkongwe wa kazi, aliyefika London zamani na kupita kwenye nyumba za wazee za Hounslow mpaka mgongo ukamgomea. Wiki nzima nilimfuata nyuma. Alinifundisha kubeba soksi kavu mkobani, kumsemesha mzee kabla ya kumgusa, kupasha taulo moto juu ya rejeta, lile bomba la joto la ukutani, na kutomwamini mtu anayesema amekwisha kula. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinagombana njia nzima ndani ya basi. Mie nikimwambia asante, yeye ananiambia wacha maneno mingi, shuka.

Mwezi wa pili wa kazi nikapewa Bi Edna. Alikuwa na miaka themanini na sita. Ujana wake wote alikuwa kondakta wa basi, na sauti ilikuwa bado ya kondakta: akikuambia sogea ndani, unasogea. Aliishi peke yake katika nyumba ya kaunsil, yaani halmashauri, mtaa mmoja nyuma ya soko, mtaa aliozaliwa. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kushoto mzito na mguu wa kuburura. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na redio, fremu ya kutembelea, na sisi mara tatu kwa siku.

Faili lake la kampuni lilisema anapenda kuitwa Edna tu. Mie kumwita mtu wa umri wa mama yangu jina kavu siwezi, mdomo haukubali. Nikamwita Bi Edna. Akauliza hiyo Bi ni kitu gani, nikamwambia ni heshima. Akasema heshima haijamdhuru mtu bado. Sote wawili tulikuwa hatujui kitu.

Faili lilisema pia kwamba Edna anaosha uso mwenyewe, anavaa mwenyewe na anajitengenezea chai mwenyewe, na kwamba kazi ya mhudumu wa asubuhi ni kusimama karibu, kumkumbusha na kumtia moyo. Nililisoma na kulielewa vizuri sana, ndiyo maana nikachukia. Yaani mtu mzima na viungo vyangu, nisimame mikono kifuani nimtazame bibi wa miaka themanini na sita akihangaika na kifungo? Kwetu mtu akikukuta katika hali hiyo hakuulizi jina, anauliza umelelewa na nani.

Nilijaribu siku moja. Sweta lake la buluu lilikuwa na vifungo saba, na alivifunga kwa dakika kumi na moja. Nilimpima, ualimu haujanitoka. Siku ya pili nikamwambia, kaa Bi Edna, leo mie nipo. Nikavifunga vyote kwa nusu dakika.

Sasa tazameni mambo yalivyopangika. Kampuni ilinipa nusu saa ya asubuhi kwa Bi Edna, na mzee wa pili alikuwa mbali kwa basi moja, basi ambalo kwenye hesabu za kampuni halikuwepo. Mhudumu alitakiwa kutoka nyumba hii na kutokea ile, kama jini. Bi Edna akivaa mwenyewe, ninachelewa. Nikimvisha, nafika kabla ya wakati. Adabu ya Pemba na saa ya kampuni, ambazo hazikuwa zimekubaliana katika jambo lolote, katika hili zilipatana kabisa. Msimamizi wangu akawa ananitolea mfano kwa wenzangu: mtazameni Zuhura, hachelewi, na mteja halalamiki.

Wiki ya kwanza Bi Edna alipinga kidogo. Wiki ya tatu alikuwa akiniona mlangoni ananyoosha mkono mgonjwa mwenyewe. Mie nikazidi. Nikamwosha uso, nikamchana, nikamchemshia chai na kumshikia kikombe. Nikamkatia mkate vipande vidogo vidogo, na mwishowe nikawa namtia mdomoni. Wahudumu wa mchana na jioni, wakiona mwenzao anafanya, wakafanya na wao, maana ni haraka zaidi. Jumapili nilipompigia mama simu Wete nilijisifu weee, jinsi nilivyomweka bibi wa watu kama bibi harusi. Na dada yangu Maryamu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza mama, nikampa maagizo: asimwache mama anyanyue hata kikombe. Maryamu akasema hata hakuhitaji kuambiwa.

Kila nyumba ilikuwa na daftari la kuandika ulichofanya, na nyinyi bado mnalo. Mie nilikuwa mkweli. Mwezi wa pili niliandika: amevaa, nimemsaidia. Mwezi wa saba: nimemvisha. Mwezi wa kumi: nimemwosha, nimemvisha, nimemlisha. Niliandika kwa mwandiko wa kialimu, mzuri, unaosomeka hata na mtu asiye na miwani.

Mwezi wa kumi na moja akaja afisa wa kaunsil kukagua, mwanamume mpole mwenye tai. Akaketi, akasoma daftari tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamwomba Bi Edna ainuke kitini. Bi Edna hakusogea ukingoni, hakurudisha miguu nyuma. Alinigeukia mie, akaninyooshea mikono yote miwili kama mtoto, akasubiri nimnyanyue. Yule bwana akaandika.

Alieleza kwa sauti ya huruma. Hali ya Edna imeshuka haraka, kukaa peke yake si salama. Baada ya wiki sita angekuja mtaalamu wa kupima uwezo wake, na akiona haya haya, Edna atahamishiwa nyumba ya wazee iliyo na nafasi, upande wa pili wa mji, na nyumba hii itarudi kaunsil. Akafunga kalamu yake, akatuaga, akatoka. Nilifikiri Bi Edna angepiga kelele. Alikaa akitazama mikono yake mapajani, kisha akaniuliza, taratibu:

"Mimi nilikuwa hivi ulipokuja?"

Ningeweza kusema ni uzee, au ni kile kiharusi. Uongo ulikuwa mwingi na wote ulikuwa karibu. Nikamwambia la, hukuwa hivi, ulikuwa unafunga vifungo saba. Akasema basi mimi sitoki nyumba hii, na wewe utanirudishia nilivyokuwa.

Aibu niliyoiona siku ile sitaki kuisimulia. Nilimsubiri Mama Akinyi kituo cha basi nikamweleza kila kitu, nikitumai ataniambia si kosa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mama," akasema, "hiyo heshima yako ndiyo inamfukuza kwake. Kesho ukifika, keti. Weka mikono chini ya mapaja uikalie. Ikitoka, unaikalia tena."

Nilidhani ni maneno tu. Kesho yake nilivuta kiti mbele ya Bi Edna, nikaikalia mikono kweli. Na wallahi, katika kazi zote nilizofanya London, kugeuza watu wazito, kusafisha visivyosafishika, hakuna iliyonitoa jasho kama ile. Alishika kifungo cha kwanza kikamponyoka. Akakishika, kikamponyoka. Dakika ishirini na mbili kwa vifungo viwili. Akanitukana matusi ya kikondakta ambayo mengine sikuyajua, nayo yakawa faida kwenye Kiingereza changu. Kisha akaniuliza kama hivi ndivyo tunavyowafanyia wazee huko kwetu. Nikamwambia hivi ni kwenu, Bi Edna, kwetu ndiko kulikokuharibu. Akacheka mpaka akasahau hasira, akakamata kifungo cha tatu.

Muda ndio ulikuwa shida. Nusu saa haikutosha, nami nikawa nafika mapema kabla ya saa ya kampuni kuanza, kwa hiari yangu. Hata hivyo nikawa nachelewa kwa mzee wa pili, naye akapiga simu ofisini. Msimamizi akaniita. Miezi yote niliyokuwa naharibu kazi nilikuwa mfano wa kuigwa, sasa nilipoanza kuifanya kama faili lilivyosema, nikapewa onyo la maandishi. Nililitia sahihi. Nadhani bado liko kwenye kabati yenu.

Hizi hapa mbinu, mkizitaka. Birika jaza maji ya kikombe kimoja tu, mkono dhaifu uliweze. Kiti kiinue kwa vigingi vya mbao, magoti yasizame. Anza kifungo cha chini ambacho macho yanakiona, usianze na cha shingoni. Mpe mzee nafasi ya kukosea mara tatu kabla hujafungua mdomo, na ukifungua mdomo, mikono ibaki ulipoikalia. Wahudumu wa mchana na jioni niliwaandikia kwa herufi kubwa mlangoni mwa jokofu: MSIMSAIDIE. Mgeni aliyeingia angetuitia polisi.

Jumapili nikampigia Maryamu kumwambia na yeye amwache mama anyanyue kikombe, ajivishe, aende ukumbini kwa miguu yake. Maryamu akasema, khaa, Zuhura, umekuwa Mzungu sasa? Watu wakija wakamkuta mama anajichotea maji, watasema nini? Nilijua hasa watakavyosema. Mwaka mmoja nyuma ningelisema mie wa kwanza.

Wiki ya nne, Jumanne mchana, Maryamu akapiga simu yeye. Mama alikuwa amefariki asubuhi ile, na walikuwa wanajiandaa kumzika baada ya alasiri. Hata ningekuwa na pasipoti nisingewahi. Lakini mtu asiye na pasipoti hana hata raha ya kusema alikosa ndege. Nilikaa chumbani kwangu nikamsomea mama peke yangu. Jumatano saa moja kasorobo asubuhi nilikuwa kwa Bi Edna, nimekalia mikono. Sikumwambia. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na zilikuwa zake. Kazini pia sikumwambia mtu, maana likizo ya msiba ilitaka cheti cha kifo, nami sikuwa na nguvu ya kumwomba Maryamu karatasi kwa ajili ya ofisi.

Wiki ile alifika vifungo vitano. Wiki ya sita alifika saba kwa dakika kumi na nne. Haikuwa kumi na moja za mwanzo, na nikalala nikifanya hesabu ya zile tatu.

Mtaalamu alikuwa msichana wa viatu vya raba na ubao wa kuandikia. Aliniambia naruhusiwa kuwepo lakini nisiguse kitu wala nisitoe maelekezo. Nikamwambia nimezoea. Bi Edna akasogea ukingoni mwa kiti, akarudisha miguu nyuma, pua ikapita vidole, akasimama. Akaenda jikoni na fremu yake, tukamfuata. Akachemsha maji ya kikombe kimoja, akamimina, mengine yakaingia kisahanini. Akarudi, akaketi, akachukua sweta. Mkono mgonjwa kwanza. Cha chini, cha pili, cha tatu. Kwenye cha sita kidole kikateleza na sweta likafunguka vifungo viwili nyuma. Mkono wangu ulikwisha nyanyuka, na hata hakunitazama.

"Zuhura," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Akaanza tena kutoka cha nne, akamaliza. Yule msichana akapekua karatasi za yule bwana wa tai, akauliza kwa mshangao ni nini kilichobadilika ndani ya wiki sita. Bi Edna akamjibu kwamba alikuwa na mhudumu hodari mno, lakini siku hizi amezorota. Msichana hakuelewa, akaandika hivyo hivyo.

Barua ikaja baada ya siku kumi. Edna anaweza kubaki nyumbani kwake. Na kwa kuwa ameonekana anajimudu, zile huduma tatu za kila siku hazihitajiki tena. Atakuja mtu mara moja kwa wiki kumnunulia mahitaji, na mtu huyo atatoka kampuni nyingine. Msimamizi alinipigia kunipa hongera. Akasema hilo ndilo lengo la huduma, mteja asituhitaji, na kwamba kuanzia Jumatatu ananipeleka Leyton kwa bwana mmoja anayeuma. Sitawaficha, nililia kwenye basi. Nilikuwa nimempigania mtu abaki kwake, akabaki, na mtu pekee aliyetolewa mle ndani nikawa mie.

Kampuni ilikuwa na sheria kwamba mteja akiondoka kwenye orodha, mhudumu asikanyage kwake tena. Jumapili iliyofuata nikakanyaga. Nilibisha hodi nikasubiri kwenye manyunyu, nikisikiliza fremu ikija, inagonga, inasimama, inagonga. Mlango ukafunguka. Sweta lilikuwa limefungwa, kifungo kimoja kwenye tundu la jirani yake. Akaniuliza nimekuja kazini au nimekuja kutembea. Nikasema kutembea. Akasema basi niende nikaketi, mgeni haingii jikoni.

Chai ilichukua dakika ishirini. Akaiweka mbele yangu, akajishusha kitini kwake, tukawa tumekabiliana. Miezi ile yote niliyokuwa namvisha, hatukuwahi kukaa hivi. Nusu saa ya kumwosha na kumlisha haina nafasi ya mtu kumuuliza mwenzake jambo. Na katika wiki zile sita tulizungumza vifungo tu. Akaniuliza kitu ambacho hakuna mteja, msimamizi wala afisa wa Croydon aliyewahi kuniuliza.

"Wewe uko hapa na sisi. Huko kwenu, mama yako nani anamtazama?"

Nikamwambia alikuwa akitazamwa na dada yangu. Nikamwambia amefariki, mwezi uliopita, siku ya Jumanne. Bi Edna akahesabu kimoyomoyo, nikamwona anahesabu. Akasema Jumatano yake ulikuja hapa. Nikasema ndiyo. Akasema ulikaa kwenye kiti kile na mimi nikakutukana. Nikasema ndiyo, Bi Edna.

Hakusema pole. Alisogea ukingoni mwa kiti, akarudisha miguu nyuma, akainama, akasukuma, akasimama. Fremu akaiacha. Chumba kile ni hatua nne za mtu mzima, na zake zilikuwa kumi na moja, akishika meza, akishika ukuta, huku mguu unaburura. Angeweza kuanguka na mie ndiye ningelaumiwa, nisiyetakiwa hata kuwepo pale. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kunijia kwa shida yangu, na sasa huyu alikuwa anakuja. Sikuinuka kumpokea. Nilikaa, nikamngojea afike.